Alisema Chembe, Nikasikia Tumbo

Ipo siku moja naikumbuka kwa sababu ya kijiti, mwanangu, wala haina mgonjwa ndani yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, au kumi na mbili, sijui sawasawa, maana kwetu miaka ya mtoto ilihesabiwa kwa mvua, na mama yangu aliyekuwa akizihesabu alikwisha kufa. Nilikuwa nakaa kwa mjomba, kaka yake mama, upande wa Mahurunga, kule ambako Ruvuma umeshachoka na safari na umeanza kujitandaza. Mjomba alilima muhogo na mpunga kidogo bondeni. Pia alikuwa na mtumbwi, na watu wenye ndugu ng'ambo walikuwa wakimfuata awavushe. Karibu kila nyumba ilikuwa na ndugu ng'ambo, kwa hiyo mtumbwi ule haukukauka.

Mto mahali pale una tabia yake. Bahari ikijaa inausukuma mto urudi nyuma, ikitoka inauachia, na mto ukiachiwa unakwenda kwa hasira. Ukivuka saa hiyo unapelekwa usikokutaka, na usikokutaka ndiko wanakolala viboko. Siku hiyo mjomba alikuwa anafunga mzigo wa ming'oko, vile viazi vya porini, wa bibi mmoja aliyekuwa akienda msibani, akaniambia nikimbie nikatazame maji, yanapanda au yanashuka. Nikakimbia. Nikayaona yamefika kwenye mizizi ya mkoko fulani, mahali pa juu kabisa. Nikarudi nikasema yanapanda.

Mjomba akaniuliza nimetazama mara ngapi. Nikasema mara moja, lakini nimetazama vizuri. Akaacha kamba, akanishika bega, tukashuka wote. Akachomeka kijiti palepale maji yalipoishia, akachutama, akajisokotea tumbaku yake. Akaivuta mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama, miguu inaniwasha kwa mbu, namwona bibi wa ming'oko kule juu anatunung'unikia. Mjomba alipoinuka, kijiti kilikuwa kimebaki kwenye tope tupu, maji yamekiacha kwa upana wa viganja viwili.

"Hukuniletea habari ya maji," akasema. "Umeniletea mahali yalipokuwa. Tungekwenda na habari yako, bibi yule angeliwa na mto."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningesahau. Bibi alivuka jioni yake, ming'oko imeshaanza kunyauka, na hadi anapanda mtumbwini alikuwa akiniita mtoto wa macho ya kuku. Jina hilo lilinikaa mwaka mzima.

Nimeanza mbali, najua. Wajukuu zangu wananiambia nikitaka kwenda sokoni napitia msikitini, shambani na kwa shemeji. Lakini kijiti kile utakihitaji mbele, kiweke mahali.

Shule niliishia darasa la nne. Nikaja Mtwara mjini nikiwa kijana, nikabeba zege, nikapasua kokoto, nikajenga wodi moja ya hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolisema ni langu, si lake. Wodi ilipokwisha walitaka mtu wa kusukuma machela na kupiga deki, nikabaki. Nilikuwa mhudumu. Andika hivyo akilini mwako, mhudumu, kwa sababu baadaye mimi mwenyewe nilisahau.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, alikuja daktari mwanamke, Daktari Sabina, mtu wa Bukoba. Alikuwa mfupi, mwepesi, anatembea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kiswahili alikijua sana, lakini wazee wetu wa vijijini walimshinda. Kuna wanaosema Kimakonde tupu, kuna wanaosema Kiswahili chenye Kimakonde au Kimakua ndani, kuna waliotoka ng'ambo wanachanganya na Kireno. Kwa hiyo akawa ananiita. Kaka Saidi, njoo uniambie huyu anasema nini. Nikawa mdomo wa wagonjwa na sikio la daktari. Ilinipendeza, sikufichi.

Mwaka wa pili ikaja mashine ya moyo. Sanduku dogo, lina nyaya nyingi kama mizizi ya mpunga uliong'olewa. Vibanio vinne vya mikono na miguu, kila kimoja na rangi yake, na vikombe sita vya mpira vya kunyonya kifuani. Unampaka mgonjwa mafuta yake, unambandika, unabonyeza, karatasi ya vimraba inatoka inalia kwa sauti ndogo, imechorwa mstari unaoruka. Tabibu tuliyekuwa naye aliogopa nyaya zile. Daktari Sabina akanifundisha mimi. Nyekundu mkono wa kulia, njano wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi wa kulia. Nilirudia njia nzima hadi nyumbani kama mtoto wa madrasa anayehifadhi sura.

Kusoma karatasi hakunifundisha, nilijifunza kwa kuchungulia. Siku moja aliletwa fundi seremala mmoja, uso umempauka, anashika kifua kwa ngumi. Karatasi ilipotoka, daktari aliinyoosha mezani na kuniita. Akanionyesha kwamba mstari wa mtu asiye mgonjwa unaruka juu kama msumari, unarudi chini sakafuni, unatulia kidogo, halafu unapanda kilima kidogo. Wa seremala ulipokuwa unatoka kwenye msumari ulikataa kurudi sakafuni. Ulibaki juu umejikunja. Nikasema, daktari, si mgongo wa korosho huu? Akacheka, akautazama tena, akasema kweli, ni mgongo wa korosho. Basi kuanzia siku hiyo ikawa lugha yetu. Akiwa wodini, mimi niko mlangoni na mashine, ananiuliza tu, zipo korosho, kaka Saidi? Nasema zipo, au hazipo.

Seremala alitafunishwa aspirini, akawekewa hewa ya mtungi, akalazwa asiinue hata kikombe chake mwenyewe. Baada ya majuma alirudi kwake kwa miguu yake. Daktari akaniambia kilichomwokoa ni kwamba karatasi iliwahi. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, nyama ya moyo inakufa kidogo kidogo kadiri muda unavyopita, kwa hiyo anayekaa kitandani akitazamwa ana nafasi, na anayerudi shambani akabebe gunia hana.

Sasa hapo, mwanangu, ndipo nilipoharibika. Nilipewa koti jeupe kwa ajili ya mashine. Wanawake wa sokoni wakaanza kuniita dokta. Vijana wa kijiweni wakaniita Dokta Waya, kwa kunikebehi, lakini mimi nilisikia lile la kwanza tu. Nikapita na kipande cha karatasi mfukoni kama mwenzako anavyobeba kalamu. Mke wangu aliniambia siku hizi unakohoa kabla ya kujibu swali. Nilikohoa, nikamjibu si kweli.

Ikawa Ijumaa moja, msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho. Unajua mji unavyonuka msimu ule, utamu uliochacha kila kona, na watu wa uraka, pombe ya hayo mabibo, wako kazini. Ilikuwa adhuhuri. Tabibu amekwenda msikitini. Daktari Sabina yuko chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua. Mimi nimeachwa mapokezi na maelekezo mafupi kwamba kukiwa na jambo niende mlangoni kwake niseme.

Akaingia mtu mmoja peke yake. Alishushwa getini na lori la muhogo. Mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, kofia ya ukindu, ndala mguuni. Jina lake Juakimu. Wazee wake walivuka kutoka ng'ambo wakati wa vita vya kule, yeye akakulia upande wa Mahurunga, analima mikorosho na kuuza samaki wakavu. Nilipomwambia nimekulia hukohuko, alinishangilia, akanitajia jina la mjomba wangu, akasema alimvusha mara nyingi. Kwa hiyo tukawa ndugu kabla ya kuwa mgonjwa na mhudumu. Aliniita mdogo wangu.

Nikamuuliza ana nini. Akaweka kiganja hapa, chini ya kifua, mbavu zinapokutana. Akasema:

"Chembe, mdogo wangu. Tangu alfajiri. Kinabana, kinaachia, kinabana."

Alikuwa anatoka jasho. Lakini ni msimu wa jua kali, nani hatoki jasho. Nikamuuliza kama amekunywa uraka. Akacheka, akasema usimuulize Mmakonde swali hilo mwezi huu, jana alionja kidogo kwa jirani. Akaniambia ana haraka, binti yake anaolewa Jumapili kule ng'ambo, na yeye amekuja mjini kumchukulia vitenge, na lazima alale Mahurunga leo ili avuke kesho na maji ya asubuhi. Amepita hospitali kwa sababu tu dereva wa lori alimwona anajikunja akamshusha kwa lazima.

Kichwani mwangu kila kitu kilishajipanga. Uraka, mabibo, harusi, mtu hajala vizuri. Tumbo hilo. Ila lile jasho lilinisumbua, na nisiwe mwongo, nilipenda kumwonyesha mtu wa kwetu mashine yangu. Nikamlaza. Nikambandika. Alikuwa ananitania wakati wote, ananiuliza kama nyaya zile zitamvulia samaki. Karatasi ikatoka ikilia.

Nikaitazama. Nilitazama pale nilipozoea kutazama, kwenye picha za kifuani, mahali korosho za seremala zilipokuwa. Mstari unaruka, unashuka sakafuni, unapanda kilima. Hakuna korosho. Nikashusha pumzi.

Nikaichukua karatasi mkononi mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, nikausukuma kidogo. Daktari alikuwa amenipa mgongo, mikono yake iko kazini. Nikamwambia kuna mgonjwa wa tumbo, nimempima na moyo, karatasi safi. Bila kugeuka akarudia, tumbo? Nikasema tumbo, daktari, mambo ya mabibo. Akasema mpe vile vidonge vya kutafuna vya tumbo, lakini asiondoke mpaka nimwone. Nikasema sawa.

Nilisema sawa, mwanangu. Halafu nikarudi mapokezi. Juakimu alitafuna vidonge, akacheua, akasema afadhali. Nikakohoa. Nikamwambia moyo wako mzima, kaka, karatasi ni safi, hili ni tumbo. Nilimwambia pia kwamba daktari angependa kumwona, lakini nilimwambia jinsi unavyomwambia mgeni abaki kula ilhali umeshaosha masufuria. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Mungu akubariki, dokta. Hakusema mdogo wangu mara ile, alisema dokta. Nikamwacha atoke.

Daktari Sabina alitoka baada ya muda, mama na mtoto wazima, maji yanamchuruzika usoni. Akaniuliza yuko wapi mgonjwa wa tumbo. Nikasema amepata nafuu, ameondoka. Akanyoosha mkono. Nikampa karatasi.

Aliikunjua mezani. Sikuwa na wasiwasi mpaka nilipoona ameacha kujifuta uso. Alichukua penseli, akaiweka upande wa kushoto wa karatasi, kwenye picha zinazochorwa na vibanio vya mikono na miguu, mahali ambapo mimi sikuwahi kutia jicho. Akaniambia karatasi hii ni moyo mmoja uliotazamwa kutoka pande kumi na mbili, na kwamba mimi nimetazama upande mmoja wa nyumba nikasema hakuna moto. Pale kwenye ncha ya penseli mstari ulikuwa unatoka kwenye msumari na kusitasita, haujapanda, lakini haujafika sakafuni. Korosho changa, mwanangu, ile ya kijani ambayo haijajua kama itakuwa korosho. Na kwenye picha nyingine ya upande wa pili mstari ulikuwa umezama kidogo chini ya sakafu, kama kivuli chake.

"Mapema hivi inaweza kuwa si kitu," akasema. "Inaweza kuwa mwanzo. Ndiyo maana mtu halazwi kwa karatasi moja wala hafukuzwi kwa karatasi moja. Unampima, unangoja robo saa, unampima tena, unatazama kinakwenda wapi."

Nilikisikia kijiti kikiingia kwenye tope. Nakuapia, nilisikia na harufu ya tumbaku.

Halafu akaniuliza swali ambalo bado linaniamsha. Akaniuliza huyo mtu alisema nini. Nikasema alisema tumbo. Akasema hapana, kaka Saidi, sikuulizi ulisikia nini, sema neno lake, si lako. Nikafikiri. Nikasema, alisema chembe.

"Chembe cha nini?"

Kila mtu wa pwani anajua jina zima. Chembe cha moyo. Tunakiita hivyo pahali pale pa juu ya tumbo tangu tumezaliwa, tunakisema kama tunavyosema goti, hatulisikii neno la mwisho. Tumelizoea hadi tunalikata.

"Cha moyo," nikasema.

"Basi alikuletea moyo mdomoni mwake," akasema, "wewe ukaniletea tumbo mlangoni."

Hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka. Alinieleza, kwa maneno machache, kwamba moyo unalala juu ya kiwambo, ile nyama inayotenga kifua na tumbo, na ukiumia sehemu yake ya chini maumivu yanashuka kwenye chembe, mtu anacheua, anatoka jasho, anaona nafuu kidogo, na wote wanasema tumbo. Kama ningemwambia chembe, angetuma muuguzi amshikilie mtu huyo hata kwa kumkalia. Halafu akasema nenda ukamtafute. Gari letu lilikuwa limekwenda kuchukua mgonjwa kijijini. Simu za mkononi bado zilikuwa za wakubwa. Nikavua koti, nikaenda kwa miguu.

Nitakwambia nilimkuta. Lakini kabla sijafika huko nasimama hapa, niseme ninachotaka kukuachia, maana nikifika kule mwisho huwa sina maneno tena.

Wewe unayeingia wodini na koti jipya, au dukani, au ofisini, mahali popote ambapo mtu anakuja na shida yake mdomoni na wewe ndiye wa kuipeleka ndani, ipeleke kama ilivyo. Akisema chembe, sema chembe. Akisema roho inamkimbia, sema roho inamkimbia, usimtafsirie kuwa ana homa. Akili yako itakuja na jibu upesi, hasa ukiwa mwerevu, na jibu hilo litavaa sauti ya mgonjwa na wewe utaapa ndiye aliyesema. Mimi niliapa. Ningekula kiapo kwamba alisema tumbo.

Na ukitazama kitu kikakuambia kizuri, kingoje, kitazame tena. Karatasi safi ni safi kwa pumzi ile iliyochorwa, baada ya hapo moyo unaendelea na mambo yake. Nilifundishwa hili nikiwa mtoto wa kukimbia bila viatu, nikalibeba miaka ishirini na zaidi, na siku nilipolihitaji sikulitambua kwa sababu lilikuja na nyaya badala ya tope. Linaniuma hilo kuliko la kukosa shule. Shule nilinyimwa, lile nilipewa.

La mwisho ndilo gumu, nami nitaliacha lijieleze lenyewe huko mbele, lakini lishike: ukikosea, likubali kosa mbele ya mtu uliyemkosea, mapema, kwa jina lake. Usimpelekee kosa lililofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Hatalijua. Atalirudisha akishukuru.

Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako. Akupe mkubwa wa kukuuliza umetazama mara ngapi, na akupe haya ya kumjibu kweli. Akuzidishie umri, na katika umri huo asikuonyeshe mgongo wa mtu ambao ungeweza kuugeuza kwa sentensi moja. Amina.

Sasa nimalizie.

Nilipita stendi kwanza, gari za upande wa Mahurunga zilikuwa hazijajaa, hayumo. Nikaenda sokoni nikichungulia maduka ya nguo moja moja, moyo wangu mimi unapiga kiasi kwamba ningejibandika vikombe ningechora msitu. Nikamkuta duka la tatu au la nne. Amekaa kwenye benchi ndani, kofia magotini, mwenye duka anamfunulia vitenge. Walikuwa wanawake kama watano mle, wawili wananijua. Mmoja akasema karibu, dokta.

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga njia nzima. Kaka Juakimu, mimi si daktari. Ulisema chembe nikapeleka tumbo. Karatasi sikuijua kuisoma. Huenda moyo wako unaziba sasa hivi, nyanyuka twende. Yalikuwa manne tu, sentensi nne. Nikawatazama wale wanawake. Nikamtazama yeye, anavyonitazama kwa furaha, mtu wa kwao aliyefika mbali.

Nikakohoa.

Nikamwambia daktari mwenyewe anaomba kumwona kidogo, turudi tupime tena, ni utaratibu tu.

Akacheka taratibu. Akaniuliza, si ulinipima? Nikasema nilikupima. Akauliza, na karatasi ilisema nini? Nikasema, ilikuwa safi.

"Sasa imechafukia mfukoni mwako?" akasema, na duka zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

Nikamwambia ni vizuri kuhakikisha. Akasema atahakikisha akirudi, wiki ijayo Alhamisi, ataniletea na kambale wakavu. Gari likimwacha leo, maji ya kesho yatamwacha, na binti hatatolewa na baba mwingine. Akachagua kitenge chenye maua ya njano, akauliza wale wanawake kama kinafaa, wakamwambia kinafaa. Akakifunga kwenye gazeti, akakitia kwapani, akavaa kofia. Alipopita mlangoni nilimuuliza kwa sauti ya chini kama chembe bado kinauma.

"Kinauma kidogo," akasema. "Mtu anayemtoa binti wa kwanza, kitaachaje?"

Akanipiga bega. Akashuka ngazi mbili za duka, akasimama, mkono ukaenda pale mbavu zinapokutana, akangoja kama anayesikiliza kitu, halafu akaushusha. Barabara ilikuwa na vumbi, jua kali, vijana wanashusha magunia mbele ya ghala la korosho na yeye akawazunguka kwa upande wa kivuli. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, karatasi mfukoni, midomo yangu imefunguka. Alitembea bila haraka, ndala zinapiga nyayo, kitenge cha njano kinachungulia kwenye gazeti. Akafika kona. Akapinda.

Alhamisi nilikaa getini tangu asubuhi. Na Alhamisi nyingine. Wavushaji wa Mahurunga waliniambia alivuka, ila hakuna aliyemrudisha.